Aya niliyoifuta

Mwaka jana nilifuta aya moja na jioni yake nikatumiwa ngiri nne na nusu kwa simu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri. Kampuni moja ya ushauri, ambayo sitaitaja, ilikuwa na muhtasari wa kurasa kumi na mbili kuhusu mitambo ya upepo iliyokusudiwa kusimamishwa kule kwetu chini, kukavu. Si ile miradi mnayoisikia kwenye taarifa ya habari. Huu ulikuwa mdogo na hadi leo haujatoka kwenye karatasi. Muhtasari ulitakiwa usomwe kwa Kiswahili kwenye baraza la chifu, wananchi waseme ndio au hapana. Mimi naishi chumba kimoja Makutano, Meru, na chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani. Kibarua cha kutafsiri sikiulizi maswali mengi.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na aya kuhusu popo. Niliitafsiri kama nyingine zote. Jamaa aliyenipa kazi akaisoma, akanijibu kwenye WhatsApp: "Hiyo ya popo toa. Wazee watacheka tupoteze nusu saa." Nikatoa. Ilichukua sekunde mbili, na naapa sikuhisi kitu.

Nilianza kuhisi nilipoenda kumwona Cucu.

Cucu anakaa Mbeere, kaunti ya Embu, upande wa Kiritiri. Ukisimama nyumbani kwake jioni unaziona nyaya kubwa za stima zikipita juu ya vilima, zikitoka kwenye mabwawa ya Mto Tana kwenda Nairobi. Hapo kwake stima iliingia juzi juzi tu. Alipokuwa msichana, familia yake ilikuwa na shamba karibu na mto, udongo mweusi, maharagwe yakikubali mara mbili kwa mwaka. Maji ya bwawa yalipopanda, wakahamia juu kwenye mawe. Nilimuuliza kama mtu alikuja kuwaeleza kabla. Akacheka. "Walikuja. Mzungumzaji alisema watakaoguswa ni wachache. Tukatazamana, kila mmoja akidhani wachache ni wengine."

Usiku ule niliposikia popo wakigombania maembe nje, usingizi uliisha. Nilikuwa nimefuta aya iliyosema, kwa lugha ya ofisi, kwamba watakaoguswa ni wachache.

Sasa ngoja, kabla hujanicheka. Najua popo si Cucu. Na Cucu mwenyewe hawataki hata kuwasikia. Wanamla maembe yaliyoiva, wanamwachia kokwa na mavi ukutani. Ukimwambia popo anahitaji kulindwa atakuuliza nani atalinda maembe. Kwetu popo hana rafiki. Kwenye hadithi za watoto yeye ndiye yule ambaye ndege na wanyama walipopigana alihamia kila upande unaoshinda, mwisho wakamfukuza wote. Ndiyo maana hutembea usiku.

Pia najua upepo si adui. Kiangazi kikikaza na mabwawa yakashuka, tunahitaji kitu kingine cha kuwasha taa kisichokuwa dizeli. Kule Marsabit, mitambo 365 ya mradi wa Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310, na si mchezo. Kajiado kuna Kipeto, mitambo 60. Ngong iko tangu zamani. Meru nayo imo kwenye mipango ya KenGen kwa miaka mingi. Mtu anayekataa kawi ya upepo kwa sababu ya popo, huku yeye akichaji simu yake bila wasiwasi mjini, sina muda naye. Cucu anastahili taa. Hilo halina mjadala.

Swali langu ni jingine: jambo jema likiwa na gharama, na gharama hiyo ikamwangukia asiyeweza kusema, je, wema wa jambo unatosha kutufanya tusiitaje gharama?

Nilirudi Meru nikaanza kusoma kile nilichokuwa nimekifuta. Kumbe ni hivi. Popo wengi wanaokula wadudu huona kwa masikio. Hupiga sauti, hungoja mwangwi, na kwa mwangwi huo hukwepa hata uzi. Lakini ncha ya panga la mtambo mkubwa hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na panga hilo hutokea juu, penye hewa tupu, ambapo popo hajawahi kuhitaji kukwepa chochote. Aina zinazowinda juu sana na zile zinazohama ndizo huumia zaidi. Marekani kuna aina moja ihamayo ambayo watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba inaweza kupungua hadi kwa asilimia 90 ndani ya miaka 50, kama mambo yataachwa yalivyo.

Utauliza, si watazaana? Hapo ndipo nilipokosea hata mimi. Nilimweka popo kwenye kundi la panya. Panya huzaa lundo. Popo wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, kisha huishi miaka mingi. Kuna mmoja wa Siberia, wa gramu kama saba, aliyenaswa tena miaka 41 baada ya kuvishwa pete. Kiumbe kinachozaa polepole hivyo hakirudishi haraka kilichopotea. Ukiwapoteza wachache kila usiku, hutaona pengo mwaka huu. Utaliona ukiwa mzee, na hutajua lilianza lini.

Wanaowatetea popo huanza na faida. Popo hula wadudu. Kwenye mashamba ya makadamia ya Afrika Kusini wanasayansi wameonyesha kwamba popo hula wale kunguni wanaoharibu karanga, na hapa Meru na Embu makadamia ni karo ya watu. Mibuyu ya Tharaka hufungua maua usiku, na popo ni kati ya wageni wanaoyachavusha. Yote haya ni kweli na naona vizuri yasemwe.

Lakini hoja hiyo inanikera kidogo, na nadhani najua kwa nini. Ni kama kumtaka popo alete wasifu wa kazi kabla ya kuruhusiwa kuishi. Nimekuwa upande huo wa meza. Tangu niache chuo, kila harusi na kila mazishi kuna mjomba anayeniuliza, "Sasa wewe siku hizi unafanya nini?" Anachouliza hasa ni: una faida gani? Na jibu langu likiwa dhaifu, naona macho yake yakihamia kwa binamu aliye benki. Kama thamani ni faida peke yake, basi popo asiyekula kunguni wa makadamia hana haki yoyote. Cucu naye ana miaka sabini na kitu, halimi tena. Mnaona hoja hii inaelekea wapi.

Kabla sijaacha chuo, mwalimu mmoja alitupa makala ya Thomas Nagel ya mwaka 1974. Swali lake ni jepesi: kuwa popo kunakuwaje? Nagel anasema unaweza kujua kila kitu kuhusu masikio na ubongo wa popo, na bado usijue ulimwengu unavyoonekana ukiwa ndani yake. Wakati ule niliona ni mchezo wa wazungu wenye muda. Sasa naona kuna onyo ndani yake. Mahali tusipoweza kufika, tunapenda kuamini kwamba hakuna kitu. Ofisini Nairobi mtu hawezi kufika ndani ya msichana wa Mbeere anayetazama maji yakipanda kwenye maharagwe, kwa hiyo anaandika "wachache". Mimi siwezi kufika ndani ya popo, kwa hiyo nikabonyeza kitufe.

Bado kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito: mwenye njaa hachagui. Nchi maskini haiwezi kuzima mitambo kila kiumbe kinapopita. Hoja hii niliiheshimu hadi nilipoangalia hesabu.

Popo huruka zaidi usiku wenye upepo mdogo, na usiku huo ndio mitambo huzalisha stima kidogo. Kwa hiyo dawa ni rahisi: usiache mapanga yazunguke hadi upepo upate nguvu kiasi. Kwenye shamba moja la upepo Pennsylvania, mwaka 2008 na 2009, walijaribu. Vifo vya popo vilipungua kwa kati ya asilimia 44 na 93. Umeme uliopotea kwa mwaka mzima haukuzidi asilimia 1.

Moja kwa mia. Nilisoma mara tatu. Tulikuwa tukiambiwa ni popo au taa, kumbe ni popo au hiyo moja. Na hiyo moja haitoki kwenye tokeni za Cucu kwanza, inatoka kwenye faida ya mwenye mtambo. Sisemi kila mahali hesabu itakuwa ile ile. Upepo wa kwetu si wa Pennsylvania, na popo wetu wa aina zaidi ya mia wana tabia zao. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima kabla, si sababu ya kunyamaza.

Na hata hapa kwetu tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Kipeto wanaweka watu wenye darubini kuwatazama tumbusi walio hatarini, na ndege akisogea mtambo husimamishwa. Tumbusi! Ndege mla mizoga, ambaye naye hakuna aliyempenda. Tofauti ni kwamba tumbusi hupita mchana. Popo hupita gizani, na mzoga wake ni mdogo kama jani kavu. Bila mtu kulipwa kwenda kuutafuta chini ya mtambo asubuhi, fisi na siafu wanafika kwanza, na kwenye ripoti inaandikwa sifuri.

Huko West Virginia, mwaka 2009, watu walienda mahakamani kwa ajili ya popo wa Indiana, mnyama wa gramu chache aliye hatarini kutoweka. Jaji akaamua kwamba mitambo mipya isijengwe, na iliyokwisha jengwa izunguke tu majira ambayo popo wamelala mapangoni, hadi kampuni ipate kibali cha sheria. Kampuni haikufa. Ilirudi ikaomba kibali, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Sisi tuna la kwetu la kukumbuka. Oktoba 2021, mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi hapa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya ule mradi wa Ziwa Turkana, ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata sheria. Kesi ililetwa na wakaazi wa Marsabit mwaka 2014, na mitambo ilijengwa huku kesi ikiendelea. Popo hawakuwa kwenye kesi hiyo. Lakini ukiwasikiliza wakaazi, kiini ni kile kile: hawakusema hawataki stima, walisema hawakuulizwa ipasavyo. Anayeruka kuwauliza watu hashindwi kuwaruka popo. Ni tabia moja.

Kwa hiyo sikumkosea popo peke yake. Niliwakosea wale wazee. Jamaa alisema watacheka, na labda wangecheka. Lakini mmoja wao, kama Cucu, angeacha kucheka akauliza: na mizoga itahesabiwa na nani? Kijana wangu anaweza kupata kazi hiyo? Na maembe je? Hayo ni maswali ya mtu mzima anayepima jambo. Mimi niliwaamulia kwamba hawawezi kuyauliza. Nilifanya kwa Kiswahili safi kile ambacho wengine walikuwa wakikifanya kwa Kiingereza.

Nilimwandikia yule jamaa nikamwomba arudishe aya. Alituma kikatuni cha kucheka machozi. Tangu hapo hajanipa kazi. Nilimwambia Cucu, nikitarajia anisifu kidogo. Alisema pesa ningerudisha kwanza ndipo niongee. Sijarudisha, zilishaingia kwenye kodi ya nyumba. Basi naandika haya nikiwa bado nadaiwa.

Nakala yangu ya kwanza ilibaki kwenye barua pepe. Hii hapa, kama ilivyotakiwa kusomwa siku ile chini ya mwembe wa chifu:

"Eneo la mradi linapitiwa na popo wa aina mbalimbali, na baadhi huruka kimo cha mapanga. Inatarajiwa kwamba baadhi watauawa. Inapendekezwa mitambo isizunguke usiku wakati upepo ni mdogo, hasa miezi ya mvua wadudu wanapozidi. Mizoga itafutwe na kuhesabiwa kila wiki kwa miaka mitatu ya mwanzo. Na hesabu hiyo isomwe kwa wananchi kila mwaka katika baraza kama hili."