Nani Afungaye Ndoa?

Liko swali moja litupasalo kulifikiri kwa utulivu, nalo ni hili: ndoa hufungwa na nani? Kwetu Daraja Mbili, na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, utasikia majibu matatu. Mzee atasema kwamba ndoa ni mahari na mapatano ya koo mbili. Mkristo atasema ni baraka mbele ya madhabahu. Karani atasema ni cheti chenye muhuri. Kila mmoja ameshika sehemu ya kweli, lakini pale wanapoachana ndipo watu waumiapo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka kuwakusanya wote hao chini ya paa moja. Yaruhusu ndoa ifungwe kwa njia ya dini, au ya mila, au mbele ya msajili wa serikali. Lakini katika kifungu cha 9 yaeleza kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao.

Nchi nyingine zimeamua vingine. Uholanzi ilianza mwaka 2001 kuwaozesha watu wa jinsia moja, na Afrika Kusini ikafanya hivyo mwaka 2006. Shauri hili likawatenga hata ndugu wa imani moja: mwaka 2009 Kanisa la Uswidi lilikubali kuwafungisha ndoa watu hao, na Januari 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania wakatoa tamko la Dodoma la kukataa. Wanaokubali husema: serikali ni ya raia wote, basi isiwape wengine haki na kuwanyima wengine. Wanaokataa husema: serikali haikuianzisha ndoa, basi haina mamlaka ya kuibadili. Angalieni, pande zote mbili zinaitaka serikali itie muhuri juu ya neno lao.

Wala tusidhani kwamba swali hili ni la ng'ambo tu. Kwa Wakurya wa Tarime iko desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe za mahari, akamwoa mwanamke kijana. Huyu huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mzee. Si habari ya tamaa baina yao, bali ni habari ya jina na urithi. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Ruthu: Boazi alipomtwaa aliwaita wazee kumi langoni wawe mashahidi, ili jina la marehemu lisipotee katika shamba lake, na mtoto alipozaliwa, majirani walisema kwamba Naomi amepata mwana.

Lakini Sheria ya mwaka 1971 haiijui nyumba ntobhu. Basi mzee afapo, na ndugu zake wakija kumwambia yule kijana, "Wewe hukuwa mke wa mtu, toka na watoto wako," atakwenda kwa nani? Kenya jambo la namna hii lilifika Mahakama Kuu, Mombasa. Katiba yao ya mwaka 2010 husema kwamba mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Hata hivyo mwaka 2011 Jaji Ojwang aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Wanandi astahili kurithi pamoja na watoto wake.

Mwenye kupinga atauliza: je, tukilinda kila kitu hatutakuwa tumekibariki? Hapana. Sheria yetu wenyewe yatujibu katika kifungu cha 160. Mume na mke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana hivyo kwa watu, hudhaniwa kuwa wameoana. Hata ikithibitishwa kwamba hawakuoana, mwanamke aweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Sheria imekataa kuuita muungano huo ndoa, wala haikukubali mtu atupwe njiani.

Hapo naona kazi ya serikali. Si kubariki, maana haina madhabahu. Ni kazi ya wale wazee wa langoni, kushuhudia na kuzuia dhuluma. Kanisa na lishike mafundisho yake juu ya ndoa ni nini, na wazee washike mila zao. Serikali haina haki ya kuwalazimisha kubariki wasichokiamini. Lakini katika shamba, nyumba, mtoto, na fimbo ya mwenye nguvu, isiulize kwanza kama mtu amefuata desturi yetu. Hata mtu ambaye mwenendo wake twaukataa, na ambao sheria ya jinai ya Tanzania yaukataza, asipigwe na jirani wala asifukuzwe usiku. Maana hukumu si kazi ya kundi la watu njiani.

Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo ziumiazo. Tubishane juu ya jina la ndoa kadiri tupendavyo, lakini kwanza tuwatazame walio chini ya miguu yetu.