Mgeni na Jembe

Wachunguzi wa dini huuliza mara kwa mara: Je, Uislamu una neno gani juu ya sheria za uhamiaji na za wakimbizi? Hayo si mambo ya serikali? Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hakuona hivyo. Alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Nasi Waahmadiyya twajua sheria yaweza kufanya nini. Mwaka 1984 amri moja ya Pakistani ilifanya adhana yetu kuwa kosa la jinai, na Khalifa wetu wa Nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, akalazimika kuhamia London. Sheria humtoa mtu kwao, na sheria humpokea ugenini.

Basi tuitazame Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ambako kwa zaidi ya miaka hamsini watu wamevuka mpaka wakikimbia kuuawa. Muha na Mrundi husemezana bila mkalimani. Hata hivyo sheria humwita mmoja mwananchi na mwingine mgeni, wala hilo peke yake si dhuluma, maana kila nyumba ina mlango wake. Swali gumu huanza mlango ukiisha kufunguliwa.

Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wahenga wetu nao walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoyatumia maneno haya kumharakisha mgeni aondoke. Wamekosea! Methali haikusema siku ya tatu mfukuze. Apewaye jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Tanzania imewahi kutenda hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima na kujitegemea. Na hatimaye watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao wakakubaliwa kuwa raia, vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014.

Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyochukua nafasi ya ile ya 1965, ilikaza mkono. Mkimbizi hukaa katika eneo alilowekewa, wala hatoki bila kibali. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu katika mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wake, naye hawezi kwenda kulima nje ya kambi bila kuomba ruhusa. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2017, na tena mwaka 2023, alipungukiwa. Na njia ya kujitafutia ilikuwa imefungwa. Kumfunga mtu mikono, kisha kumlaumu kwamba ni mzigo, je, huo ni uadilifu?

Mwenyeji naye ana haki. Miti ya Buha imekatwa sana kwa kuni, na hofu ya silaha kutoka ng'ambo haikuwa ya kubuniwa. Hatusemi mkulima maskini wa Kibondo agawe asichonacho, ingawa Kurani Tukufu (Al-Hashr, aya ya 10) inawasifu Ansari wa Madina waliowatanguliza wageni hali wao wenyewe ni wahitaji. Lakini tumtazame na mgeni wao. Abdurrahman bin Auf r.a. alipopewa nusu ya mali ya ndugu yake wa Madina, alimwombea baraka, akaikataa, akaomba aonyeshwe soko tu. Kumbe huko Kigoma masoko ya pamoja ya kambi na vijiji, ambamo Muha naye aliuza mihogo yake, yalifungwa miaka ya 2018 na 2019.

Na kuhusu kurudishwa kwao, Sura At-Tauba, aya ya 6, inaamuru kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Haikuuliza dini yake. Wala haikusema afikishwe mpakani.

Wema wa afisa mmoja huondoka afisa akihamishwa. Kwa hiyo jambo hili lataka kuandikwa na Bunge. Kifungu kinachomzuia mkimbizi kambini chaweza kurekebishwa, apate kukodi shamba kwa Muha wa Kasulu kwa mkataba ulioandikwa, auze mavuno yake sokoni, na alipe ushuru kama jirani yake.