Kutoka Mjini ili Kuwa Huru

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 13:5–13; Mwanzo 19:15–30; Yeremia 35; Yohana 8:31–36; 1 Wakorintho 7:20–24.

Ijumaa saa kumi na moja jioni ndiyo saa ambayo Kariakoo haimtaki mtu afunge duka. Wanunuzi wa jumla kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo wanakimbizana na mizigo yao, mikokoteni inagombania njia na pikipiki, na mteja aliyezunguka mchana kutwa sasa ndiyo anatoa fedha. Kesho yake, Jumamosi, watu wa maofisini na wa mikoani wanamiminika kununua.

Chukua mfano wa familia moja ya Kiadventista yenye fremu ya vitenge karibu na Mtaa wa Kongo. Baba anashusha mlango wa chuma kabla jua halijazama, na anajua kila mara anachopoteza. Majirani wamemzoea, lakini mwenye nyumba hajamzoea. Kwake fremu inayolala Jumamosi ni hasara machoni, hasa akikumbuka kwamba wapo watu wanaosubiri barazani wakiwa na kilemba kikubwa zaidi. Kila mwaka mkataba ukikaribia kwisha, yule baba hukosa usingizi. Mtoto wake mkubwa yuko chuoni na amekwisha kupangiwa mtihani siku ya Sabato mara mbili. Mara zote mbili barua ziliandikwa na watu wakapigiwa magoti.

Sasa baba ameamua. Zipo ekari kumi Handeni, mkoani Tanga. Atauza mzigo, arudishe fremu, ahamishe familia. Anamwambia mkewe, “Mama watoto, nimechoka kuomba ruhusa ya kumwabudu Mungu wangu. Kule nitakuwa mtu huru.” Mkewe haipingi Sabato wala jembe. Ana swali moja tu, na jibu lake halijapatikana: “Na yule kijana wa dukani, tunamwacha na nani?”

Yule kijana alikuja kutoka Njombe kutafuta kazi. Aliijua kweli ya Sabato katika duka lile, kwa kuona mlango unashushwa Ijumaa hadi Ijumaa, kisha akauliza sababu. Amebatizwa hana hata mwaka.

Je, kutafuta uhuru wa nafsi ni sababu ya haki ya kuhama? Swali hili si la Waadventista peke yao. Huko Marekani wapo watu wanaoyaacha majiji makubwa na kuhamia majimbo ya magharibi yenye watu wachache, kama Idaho, Montana na Wyoming, wakisema wanataka serikali isiwaingilie, ardhi yao wenyewe na jirani wa mbali. Katika Tanzania haki yenyewe imo katika Katiba ya mwaka 1977: ibara ya 17 inamhakikishia raia uhuru wa kwenda na kuishi sehemu yoyote ya nchi, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini. Hakuna atakayemzuia yule baba kwenda Handeni. Lakini jambo linaweza kuruhusiwa na sheria na bado likahitaji kupimwa na dhamiri.

Kwa Waadventista jambo hili lina uzito wa pekee. Ellen G. White alihimiza mara nyingi familia zitoke katika miji iliyosongamana, zipate ardhi, hewa safi na malezi bora ya watoto. Wala hakuishia kwenye maneno. Huko Australia, katika miaka ya 1890, alishiriki kuanzisha shule ya Avondale mashambani, Cooranbong. Mwaka 1901 chuo cha Battle Creek kilihamishiwa Berrien Springs, mahali pa mashamba, naye akaunga mkono. Miaka yake ya mwisho, kuanzia mwaka 1900 hadi alipofariki mwaka 1915, aliishi Elmshaven, karibu na mji mdogo wa St. Helena, California. Asiyependa shauri hilo asilifanye kuwa dogo.

Lakini mtu huyohuyo aliwaonya ndugu waliotaka kuhama kwa pupa, bila mpango, bila riziki, bila kuomba na kushauriana. Tena aliusihi uongozi wa kanisa, hasa katika miaka yake ya mwisho, ufanye kazi katika miji mikubwa ambayo aliona imesahauliwa. Wako wanaosoma nusu ya kwanza ya mafundisho yake na wako wanaosoma nusu ya pili, na makundi haya mawili hukutana darasani kila Sabato na kurushiana madondoo. Jambo la kuangalia ni sababu alizozitaja: watoto, afya, utii, utumishi. Uhuru wa mtu kufanya atakalo bila kuulizwa haumo katika sababu hizo.

Historia ya Afrika Mashariki inaweza kusaidia hapa. Lugha ya Kiswahili yenyewe inalo neno muungwana. Maana yake ya zamani ni mtu asiye mtumwa. Maana yake ya leo ni mtu mwenye adabu na utu. Kwa watu wa pwani, mwenye uhuru alikuwa mtu wa mji, mwenye nyumba, ukoo na majirani wa kumshuhudia. Hata hivyo, katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani ya Kenya walikimbilia porini, wakajenga vijiji vyao kama Makongeni na Fuladoyo. Hawa watoro waliukuta uhuru msituni kwelikweli. Walilima, walijilinda, na katika Fuladoyo wakawamo pia waliofuata mafundisho ya Kikristo. Nani atawaambia kwamba walikosea kuuacha mji?

Sasa tazama bara lilelile la Kilifi miaka mia na zaidi baadaye. Mwezi Aprili 2023 dunia ilishtushwa na habari za msitu wa Shakahola. Watu waliacha kazi mijini, wakauza mali, wakawatoa watoto shuleni, wakahamia porini wakiamini wanaukimbia ulimwengu unaokaribia mwisho wake. Miili iliyofukuliwa katika makaburi yale ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Waadventista hawana budi kuisoma habari hii kwa unyenyekevu, kwa maana maneno mengi yaliyotumika kuwavuta watu wale, mnyama, chapa, siku za mwisho, ni maneno yanayosikika pia katika makanisa yao. Mtoro wa Fuladoyo alikimbia bwana. Watu wa Shakahola walikwenda porini na bwana wao, na kule hapakuwa na jirani, mwalimu, daktari wala mzee wa kanisa wa kumwuliza huyo bwana swali.

Handeni si Shakahola, na yule baba si mtu wa namna hiyo. Lakini ni vema ajiulize ni nani atakayemwuliza swali akifika kule. Mjini anakereka kwa kuulizwa na kila mtu. Mkewe, watoto na kijana wa dukani wanalindwa na maswali yayo hayo.

Soma sasa Mwanzo 19:30. Habari za Lutu hutumiwa sana kuwahimiza watu watoke mijini, nayo ni haki, kwa maana Mungu mwenyewe alimtoa Sodoma kwa mkono wa malaika. Lakini wasomaji wengi huishia kwenye mke aliyegeuka nguzo ya chumvi. Endelea mbele. Lutu alifika hatimaye mlimani, akakaa pangoni na binti zake wawili, mbali na kila jicho. Kule hakukuwa na mtu wa Sodoma hata mmoja, na humo pangoni ndimo aibu kubwa ya nyumba ile ilipotokea. Darasa lijadili: Lutu alibeba nini kutoka Sodoma ambacho moto haukukiteketeza?

Sura inayofaa zaidi kwa swali hili pengine ni Yeremia 35, ambayo haisomwi mara nyingi. Warekabi walikuwa wameamriwa na baba yao Yonadabu wasinywe mvinyo, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, wakae hemani siku zote. Walikuwa watu wa nje ya mji kuliko wote katika Yuda. Kisha jeshi la Nebukadreza likaja, nao wakaingia Yerusalemu kwa kuogopa vita. Waliharibu kanuni yao? Sehemu moja ya maisha yao ilibadilika kwa sababu ya hatari, nao walilieleza wazi katika fungu la 11, bila kujitetea kwa maneno mengi. Lakini ndani ya mji uleule, ndani ya nyumba ya Bwana, walipowekewa mabakuli ya mvinyo na nabii mwenyewe, walikataa. Mungu akawatumia kuwa somo kwa wenye mji. Sifa waliyopewa ilikuwa ya utii, nao waliipata wakiwa mahali ambapo hawakupenda kuishi. Yeremia hakuwaamuru watu wa Yerusalemu wahamie hemani wala Warekabi wajenge nyumba.

Pia ni vizuri kusema kweli kuhusu kijijini. Mtu wa mjini hudhani kule hakuna mamlaka. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mgeni ni lazima apite mbele yao. Yupo mtendaji, upo mkutano mkuu wa kijiji, zipo kazi za maendeleo na michango. Mnada unaweza kuangukia Jumamosi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi kwa nchi nzima, iwe Kariakoo iwe Handeni. Asiyefika kwenye kazi ya kijiji huonekana upesi zaidi kuliko duka moja lililofungwa kati ya maelfu. Wako vijana waliozaliwa katika ukoo wa dini nyingine ambao hawakuthubutu kubatizwa hadi walipofika Dar es Salaam, mahali ambapo shangazi hawaoni wakiingia kanisani. Kwao, jiji lilikuwa mlango wa dhamiri.

Wazee wa jiji hili wanakumbuka pia kwamba shamba limewahi kuwa mahali pa kupelekwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni, wengi wao bila kuulizwa. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa mitaani na kupelekwa kulima. Ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, upande wa Kigamboni, kipo kijiji cha Gezaulole, kilichopokea watu kutoka mjini wakati wa ujamaa. Jina hilo, kwa Kizaramo, ni kama kusema jaribu uone. Wapo waliojaribu wakastawi na wapo waliorudi na kivuko cha jioni. Jembe lilikuwa lilelile kwa wote. (Na Ikulu nayo, iliyokaa Magogoni miaka yote, ina nyumba mpya Chamwino, Dodoma, tangu mwaka 2023. Kuhama mji si jambo la wanyonge tu.)

Paulo, akiwaandikia watu wa Korintho, jiji la bandari lenye kelele na biashara kama hili, alimwambia mtumwa aliyeitwa na Bwana asihuzunike kwa hali yake. Lakini akiweza kupata uhuru, autumie (1 Wakorintho 7:21). Hakuudharau uhuru wa nje. Kisha hapohapo akasema kwamba aliye huru naye ni mtumwa wa Kristo. Mtu aliyekombolewa hana tena swali la kuwa na bwana au kutokuwa naye. Swali lake ni kama mahali anapokwenda patamwezesha kumtumikia Bwana huyo vizuri zaidi au la, na wengine watasaidiwa au wataumizwa na kuondoka kwake.

Yule baba alipelekwa na mkewe kwa mzee wa kanisa. Mzee hakumwambia aende wala abaki. Alimwomba ataje sababu zake, naye akazitaja: mwenye nyumba, kelele, foleni, mitihani ya mtoto, kilemba, afya ya mkewe ambaye kifua chake hakipatani na vumbi la mjini. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akamwuliza, “Baba, katika hizo, ipi ingebaki kama mwenye nyumba angekuandikia mkataba wa miaka kumi leo?” Baba akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa uaminifu: “Kifua cha mama watoto.”

Hiyo ni sababu. Tena ni sababu inayobadilisha namna ya kuhama. Mtu anayemkimbia mwenye nyumba huondoka mwisho wa mwezi. Anayehama kwa ajili ya afya ya mkewe hutafuta kwanza kama kule kuna zahanati karibu, maji ya karibu na kanisa la kumpokea, huenda kulima msimu mmoja kabla ya kuuza mzigo, na huwa na muda wa kulipanga jambo la kijana wa Njombe.

Walikubaliana kwamba kabla ya mvua za vuli baba atakwenda Handeni kwa majuma mawili, akae na washiriki wa kule, aone Sabato yao ilivyo. Duka litabaki na kijana. Ijumaa ya kwanza baba akiwa safarini, saa kumi na moja na nusu jioni, wateja watatu bado wakiwa mlangoni na fedha mkononi, kijana atakuwa peke yake na mlango ule wa chuma. Darasa lijadili: je, kwa miaka yote ile yule kijana alikuwa akijifunza kushika Sabato, au alikuwa akimtazama tu tajiri wake akiishika?