Daraja Takatifu Si Cheo



Siku si nyingi tutakusanyika kanisani kumwona shemasi wetu akipewa daraja la upadri. Akina mama wanashona kanzu, kwaya inafanya mazoezi, na wenye kupika wamekwisha kuhesabu masufuria. Hayo ni mema. Lakini tujiulize: siku ile hutendeka jambo gani hasa?

Wengine husema, "Kijana wetu amepanda cheo." Labda neno "daraja" ndilo linalotudanganya, maana tukilisikia twafikiri ngazi ya kupandia. Tusisahau kwamba daraja ni lile tuvukialo mto pia, nalo hukanyagwa na kila mtu, tajiri na maskini. Padri ni daraja la namna hiyo. Wala akipata upadri haachi kuwa shemasi, yaani mtumishi. Bwana wetu alipowaosha mitume miguu, hakupungukiwa na kitu (Yohana 13).

Tukumbuke habari ya Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeokolewa katika utumwa, akasomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1879 John Swedi, naye aliyetoka utumwani, alikuwa amekwisha kupewa ushemasi na Askofu Steere. Mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza kupata upadri katika misheni ya UMCA. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka 17 tu kabla ya hapo. Fikirini: mikono ya wafanya biashara ilimshika mtu ili auzwe, mikono ya Askofu ikawekwa juu ya kichwa chake ili atolewe kwa Mungu na kwa watu. Naye alikwenda kutumika Chitangali, kati ya Wayao, watu wa kabila lake. Aliyekuwa mtumwa kwa nguvu akawa mtumishi kwa hiari.

Katika ibada ile Askofu hawekei mikono peke yake. Mapadri waliopo huweka yao pamoja naye. Tena kwanza huwauliza watu kama wana neno la kumpinga. Basi sisi tulioketi kwenye mabenchi si watazamaji. Kwa ubatizo wetu tu ukuhani wa kifalme (1 Petro 2:9), na padri hutolewa kwetu ili ukuhani huo usilale. Atatuhubiria Neno, atatangaza ondoleo la dhambi, atabariki mkate na divai, ili nasi twende tukatumike.

Hapa sisi wazee wa ualimu tuna jambo la kukiri. Zamani, mwanafunzi wetu mmoja hodari alitujia jioni akasema anaona Mungu anamwita katika upadri. Tulimjibu kwamba kichwa kama chake kisipotezwe huko. Kazi hiyo wapo wengine. Alitutii. Amekuwa mtu mwema katika kazi nyingine, wala hatusemi amepotea. Lakini hatukumwuliza hata swali moja juu ya wito wake, wala hatukusali naye. Tulilipima daraja takatifu kwa kipimo cha mshahara. Tangu hapo, kila tusikiapo kwamba wagonjwa wa mtaa fulani wamekaa miezi bila Ushirika Mtakatifu kwa kukosa padri, twakumbuka jioni ile.

Basi, ndugu zetu, tufunge na kuomba kabla ya siku hiyo. Sherehe ikiisha, tusimweke padri wetu juu ya kiti cha heshima tukamwacha huko peke yake. Tumwambie kweli kwa upole, tumwonyeshe nyumba za wagonjwa, tuhakikishe watoto wake hawalali njaa. Na kijana wa kwetu akisema ameitwa, tusiwe wepesi kumjibu. Tumkaribishe aketi, tumsikilize.

Mungu aliyeianza kazi njema ndani yake, na ndani yetu, aitimize. Amina.