Yeyote Mwenye Kiungo

Albamu ya Bibi ilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, na ili uione yalihitajika mambo matatu: uwe umefika nyumbani, uwe umekaa, na Bibi awe na nafasi. Hakumpa mtu aishike peke yake. Aliiweka mapajani, akafunua yeye, akaeleza yeye, na kuna kurasa alizozifunua mbili kwa pamoja kama sebuleni yumo mwanamume wa nje. Nilipokuwa mdogo nilidhani kurasa zile zimegandana.

Alipofariki, siku ya arobaini yake, baada ya hitma, albamu ikashushwa na kupita mkono kwa mkono. Unyevu wa Unguja ulikuwa umekwisha kuzila picha kadhaa. Nyingine zilikuwa zimenasa kwenye plastiki, ukiivuta picha, uso unabaki kule. Hapo hapo ukoo ukaamua: zipigwe skani, ziwekwe mtandaoni walioko Dar, Mombasa na Maskati wazione, kisha kichapwe kitabu cha picha kwa kila nyumba. Nyumba saba. Macho yakanigeukia mimi. Kwetu ukisoma uzamili unahesabiwa kuwa unajua kila kitu chenye waya.

Nikaanza kama anavyoanza mwanafunzi, nikachora jedwali. Safu ya kwanza jina la huduma, ya pili nafasi ya bure, ya tatu bei ya mwezi, ya nne kama wanachapa, ya tano kama kitabu kinafika Zanzibar. Safu ya tano iliwamaliza wengi. Kampuni moja ilinidai msimbo wa posta, nilipouandika ikaukataa. Nyingine ilikubali kila kitu, halafu gharama ya kusafirisha ikatoka kubwa kuliko kitabu chenyewe.

Kama nawe unatafuta huduma ya namna hiyo, nitakupa kwa ufupi nilichojifunza, maana si hicho kilichonikalisha niandike. Angalia kama wanahifadhi picha katika ukubwa wake wa asili au wanaibana. Picha iliyobanwa inapendeza kwenye simu, lakini ukiichapa ukurasa mzima inatoka na ukungu. Angalia kama siku ukitaka kuhama unaweza kuzitoa zote kwa mkupuo. Na neno "bure" usilihesabu kuwa bei. Google Photos ilianza mwaka 2015 kwa kuahidi nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizobanwa kidogo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile GB 15 za akaunti. Flickr mwaka 2013 iliwapa watumiaji wasiolipa terabaiti nzima. Mwaka 2018, ikiwa mikononi mwa mmiliki mwingine, ikatangaza kuwa mwisho wao ni picha 1,000. Ofoto, moja ya huduma za mwanzo kabisa za kuweka na kuchapa picha mtandaoni, ilianzishwa 1999, ikanunuliwa na Kodak 2001. Kodak ilipofilisika 2012, biashara hiyo ikauzwa kwa Shutterfly na albamu za wateja zikahama nayo. Fikiria mtu aliyeweka picha za harusi yake kwa jirani, akaamka siku moja akaambiwa jirani kahama na sanduku limo kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kisa kilichonikaa rohoni ni cha programu iliyoitwa Ever, ya kampuni ya Everalbum ya Marekani. Watu waliweka picha zao humo ili zisipotee. Mwaka 2019 ikabainika kuwa nyuso zao zilikuwa zikitumika kufunza mfumo wa kutambua sura, na mfumo huo kampuni iliutafutia wateja wengine. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni hiyo: ifute picha za waliokuwa wamefunga akaunti, na ifute pia mifumo iliyofunzwa kwa picha za watumiaji. Nilikisoma kisa hicho nikajiona mjanja. Niliongeza safu ya sita kwenye jedwali langu, "nyuso", nikaendelea.

Basi nikavuka kwenda kwa Shangazi, Kikwajuni, anisaidie majina ya watu waliomo kwenye picha. Nilikaa naye mkekani na kompyuta mapajani, nikifunua mimi. Tulikwenda vizuri, huyu nani, yule mtoto wa nani, huyu alikufa lini, mpaka tukafika kwenye picha ya mwaka 1986. Ni siku ya kupambwa kwa shangazi yangu mdogo, ambaye sasa yuko Maskati. Chumbani wanawake watupu. Bi harusi amekaa katikati, Bibi yuko nyuma yake, na Shangazi, msichana wa miaka ishirini na kitu, yuko pembeni na mkono wake begani kwa mdogo wake. Kanga ameifunga kifuani, nywele zimefunguliwa na asumini zinamning'inia, na anacheka kicheko cha mtu asiyejua kama anatazamwa.

"Hii nayo inakwenda huko?" akaniuliza.

"Ni ya ukoo tu, Shangazi. Ataiona mwenye kiungo."

"Kiungo ndiyo nini?"

"Ni kama anuani. Nikikupa, unafungua."

"Na mimi nikimpa mwenzangu?"

"Naye atafungua."

"Basi hiyo si ya ukoo," akasema. Akaitazama picha tena kwa muda. "Itoe, mwanangu. Sikukaa vile kwa ajili ya watu."

Ningenyamaza ingekuwa vizuri. Lakini nina jeuri kidogo ya shule, nikamwambia kuwa filamu ile si ilipelekwa studio kusafishwa, na aliyeisafisha si alikuwa mwanamume?

"Yule tulimjua," akasema. "Na mama yake tulimjua."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Mwanzoni nililiona ni la kukwepa swali, baadaye nikaona limenishinda. Shangazi hakusema kuwa mwenye studio hakuona. Aliona, na akajua ameona, na kesho yake angekutana na baba yao msikitini. Alikuwa mtu anayeweza kuona haya. Mimi nilikuwa nikilinganisha kampuni kwa bei na nafasi, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo Shangazi angeweza kupita mlangoni kwake na kuiaibisha.

Sitaki pia nifanye kama zamani kulikuwa salama. Pale Mji Mkongwe, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 bado ipo mikononi mwa familia yake, na watalii huingia kununua nakala za picha za mji wa zamani. Ni hazina, na ninashukuru ipo. Lakini inanikumbusha kuwa nega huishi kuliko aliyepiga na aliyepigwa. Aliyemjua mama yake mpiga picha naye hufa, na baada yake anayejuana na nani?

Ningetii tu, jambo lingekwisha. Tatizo ni kwamba picha ile ina wenyewe wawili walio hai. Shangazi wa Maskati ana maradhi ya figo, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hasafiri tena. Nakala yake aliipoteza katika kuhama nyumba. Alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti, pumzi zikimkatika: "Mwanangu, ile ya kupambwa kwangu usije ukaisahau." Ni siku yake. Ni sura yake, na ya mama yake. Mmoja anasema itoe, mwingine anasema nipe, na wote wawili wana haki.

Kwenye semina yetu ya maadili tumezungumza sana habari ya ridhaa, na neno hilo limo hata kwenye sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini tunalizungumza kana kwamba kila mtu amesimama peke yake kwenye picha. Nilijaribu kumkata Shangazi. Ukimkata, mkono wake unabaki begani kwa bi harusi, mkono usio na mwenyewe. Ukiukata na mkono, unapunguza bega. Na Bibi je? Nilitaka kujiambia kuwa marehemu hana neno, kisha nikakumbuka zile kurasa alizozifunua mbili kwa pamoja. Neno lake alikwisha kulisema, miaka yote ile, mbele yangu.

Kuna jambo sikumwambia Shangazi siku ile. Picha ile ilikuwa tayari imekwisha kupanda.

Siku mbili kabla sijavuka, usiku, kwa bando la bei nafuu, nilipakia picha zote 212 kwenye huduma mojawapo ili niijaribu. Kulipokucha ilikuwa imezipanga kwa sura, na ikaniuliza kama msichana huyu wa 1986 na mama huyu wa Idi ya mwaka jana, ambaye picha yake ilikuwa kwenye simu yangu, ni mtu mmoja. Nilifurahi mno. Nikabonyeza "Ndiyo". Nikamwita mwenzangu wa chumbani aje aone maajabu. Nilikuwa na safu nzima ya jedwali iitwayo "nyuso", nikabonyeza Ndiyo. Shangazi alikuwa bado hajaulizwa lolote, mimi nimekwisha kumjibia, na niliyemjibu si mtu wa kuona haya.

"Ishatoka?" Shangazi aliniuliza kwa simu kesho yake.

"Imetoka."

Nilikuwa nimeifuta, kweli. Kisha nikagundua kuwa iliyofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka, nikalimwaga pipa. Kisha nikasoma masharti, kwa mara ya kwanza, nikakuta kuwa nakala zaweza kubaki kwa muda kwenye akiba ya mitambo yao. "Imetoka" yangu ilikuwa na ukweli wa mtu aliyebonyeza kitufe. Yeye alikuwa akiuliza kama mtu anayeuliza iwapo barua imechomwa.

Niliichagua huduma mwishowe. Ni ya kulipia, kila mwezi, na bei yake inaniuma. Hakuna kiungo, kila ndugu anaalikwa kwa jina, na kupanga kwa sura nimekuzima. Kabla ya kupakia nilimpigia kila mwanamke aliye hai katika picha za ndani. Kazi ya wiki moja ikawa ya miezi mitatu, na kaka zangu walilalamika kwamba ninafanya mambo makubwa kwa picha za watu wetu wenyewe. Wanawake hawakulalamika. Binti mmoja wa ami yangu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia hakuna aliyewahi kumuuliza. Vitabu saba vilichapwa Kariakoo, nikavivusha kwa boti. Ya 1986 haimo.

Na ya 1986 yenyewe, Shangazi ndiye aliyeipatia njia. "Si umpe mtu anayekwenda?" akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kuwa ndugu yake mgonjwa. Kwa mkono hakuwa na neno. Nikasafisha nakala moja, nikaitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kanga iliyokunjwa, nikampa mama mmoja jirani aliyekuwa akienda Maskati kwa mwanawe. Nilijiona nimeliweza.

Siku ya nne, picha ikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Binamu yangu wa Maskati alikuwa ameipiga kwa simu: blanketi la hospitali, mkono wa shangazi mdogo wenye plasta ya sindano, na ndani ya mkono huo wote watatu, Bibi, bi harusi, na Shangazi anayecheka. Chini ameandika, "Mama leo amekula vizuri." Kundi lina watu 43, wakwe wamo, mashemeji wamo, na simu za wengi hujihifadhia picha zenyewe bila kuulizwa. Nilimwandikia pembeni, akaifuta mara moja, akaomba radhi na kulia. Lakini mioyo myekundu ilikuwa imeanza kuingia, na mjomba mmoja alikwisha kuandika, "Mashallah, huyu wa pembeni ni nani?"

Shangazi hana simu janja. Hajajua. Ijumaa ninavuka kwenda kumwona, nimebeba halua aliyotumiwa na mdogo wake, na mpaka sasa sijajua nianze na lipi.