Kusimama Kaburini: Wito au Ujira?

Liko swali linalomfaa kila mtu aliyemaliza kazi ya ujana wake na ambaye bado anazo nguvu. Swali ni hili: Je, ni vyema mtu aliyekuwa mwalimu, au mwuguzi, au karani kwa miaka mingi, ashike katika uzee wake kazi ya kuongoza maziko, tena apokee ujira kwa kazi hiyo? Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wachungaji peke yao. Wengine watasema kwamba ni kufanya biashara kwa machozi ya watu. Haya, na tuyapime kwa utaratibu, maana jambo la kaburi si jambo la mchezo.

Kwanza yatupasa kujua jinsi kazi hii ilivyoanza. Huko Uingereza, zamani, mtu aliyezikwa katika uwanja wa kanisa la mtaa alizikwa kwa ibada ya Kanisa la Kiingereza, wala mchungaji wa kanisa lingine hakuwa na ruhusa ya kumwombea humo. Mwaka 1880 Bunge lilitoa sheria iliyowapa jamaa ruhusa ya kumzika mtu wao kwa ibada nyingine ya Kikristo, au pasipo ibada yo yote. Katika Australia, mwaka 1973, Mwanasheria Mkuu Lionel Murphy alianza kuwapa watu wasio wachungaji wala makarani wa serikali idhini ya kufungisha ndoa. Baadaye jamaa za wafu wakawaendea watu wa namna hiyo, wakiwaomba waongoze na maziko pia, maana marehemu wao hawakuwa watu wa kanisa, nao hawakupenda wazikwe kimya kimya. Leo waongozi wa maziko wako Australia, New Zealand, Uingereza na Marekani. Huko Uingereza sheria haidai kwamba anayeongoza maziko awe mchungaji.

Wengi wanaoishika kazi hii ni watu waliokwisha kufanya kazi nyingine maishani. Mwongozi huenda nyumbani kwa wafiwa, hukaa nao, huwauliza marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alipenda nini, aliteswa na nini. Kisha huandika maneno, na mara nyingi huwasomea wafiwa ili wayasahihishe. Siku ya maziko husimama mbele ya watu na kuyasema. Huko Uingereza wafu walio wengi huchomwa badala ya kuzikwa udongoni, na katika nyumba ya kuchomea maiti muda unaotolewa mara nyingi ni nusu saa au zaidi kidogo, maana jeneza la mwingine linangoja. Katika muda huo mfupi maisha ya mtu mzima hutajwa, na mwongozi hupewa ujira wake.

Basi, habari ya uzee haitupi shida. Musa alikuwa na umri wa miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7), na Abramu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani (Mwanzo 12). Wala miaka ile ambayo Musa alichunga kondoo haikupotea bure, kwa kuwa jangwa alilolijua kama mchungaji wa kondoo ndilo alilowapitisha watu. Vivyo hivyo mwuguzi aliyekesha kando ya vitanda vya wagonjwa amejifunza kunyamaza panapotakiwa kunyamaza. Mwalimu amejifunza kusema neno likaeleweka. Walakini mvi peke yake si cheti. Wako wazee waliozika wengi wala hawajajifunza kumsikiliza mfiwa mmoja.

Na ujira je? Fundi wa jeneza hulipwa, na mchimba kaburi hulipwa, wala hatusemi kwamba wametenda dhambi. Bwana mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10). Ubaya hauanzi pale fedha inapopokewa. Huanza pale fedha inapotawala ulimi. Maana anayelipa ndiye anayetaka kusikia jambo fulani. Na tufikiri habari ya mtu aliyempiga mkewe miaka mingi. Amekufa, na ndugu zake wanamwambia mwongozi: Sema kwamba alikuwa baba mpole, aliyependwa na wote nyumbani. Mjane ameketi pale, amenyamaza. Mwongozi afanyeje?

Hapa ndipo kazi hii inapopimwa. Wako watakaokimbilia Katekisimo Ndogo, wakisema kwamba Luther, katika maelezo ya amri ya nane, ametufundisha kumnenea jirani yetu mema na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Ni kweli. Lakini maelezo yayo hayo huanza kwa kukataza uongo. Tena mjane naye ni jirani. Akisikia mbele ya watu wote kwamba mapigo yake hayakuwapo, ni kama amepigwa mara ya pili, na safari hii kaburini, mbele ya mashahidi. Kwa hiyo mwongozi mwaminifu hatasema uongo ule, hata kama ujira wake unapotea. Wala hatamvua marehemu nguo mbele ya watu, maana hukumu si yake. Iko njia katikati: ayataje yaliyo kweli, kwamba mtu huyu alilima, alijenga, alisomesha watoto, aseme pia kwamba haikuwa rahisi kwa wote kukaa naye, na kwamba Mungu anayajua mambo ambayo sisi hatuyasemi leo. Maneno hayo machache humheshimu aliyekufa, wala hayamdhulumu aliye hai.

Liko fundo lingine kwa Mkristo. Je, aongoze maziko ya watu wanaomkataza kulitaja jina la Kristo? Nadhani na aseme mapema, kwa uwazi, kwamba yeye ni mtu wa imani gani. Asiingize mahubiri kwa hila kati ya watu waliomwamini, wala asitamke neno ambalo moyo wake unajua si kweli, kwamba mauti ndiyo mwisho wa yote. Kunyamaza saa moja ili kuwatumikia wanaolia si kumkana Bwana; kumkana ni kusema kinyume chake. Lakini na ajue kwamba zawadi iliyo kubwa kuliko zote imebaki mfukoni mwake. Mwaka 1542 Luther alitoa huko Wittenberg nyimbo za maziko, na katika dibaji yake alieleza kwamba Wakristo huimba kaburini kwa sababu ya tumaini la ufufuo. Mwongozi asiye na tumaini hilo huweza kuyakumbuka yaliyopita vizuri sana, na papo hapo hana budi kukoma.

Sasa na tujitazame sisi wenyewe. Tusijisifu tukisema kwamba kwetu majirani hujaa msibani na hakuna haja ya mgeni wa kulipwa. Mchungaji ana mitaa mingi, na mara nyingi mwinjilisti au mzee wa kanisa ndiye anayesimama badala yake. Tena yako makaburi ambayo ibada ya kanisa haifiki, kwa kuwa marehemu hakubatizwa, au alikuwa ametengwa. Hapo watu hukusanyika wala hajui mmoja wao aseme nini. Udongo hurudishwa kwa haraka, na mama wa marehemu hurudi nyumbani na aibu juu ya huzuni.

Katika kitabu cha Tobiti, kimoja cha vile ambavyo Luther aliviona kuwa vyema kusomwa ijapokuwa hakuvihesabu sawa na Maandiko Matakatifu, twasoma habari za mtu aliyekuwa mnunuzi wa vitu vya mfalme. Baadaye aliwazika ndugu zake waliouawa, akanyang'anywa mali yake kwa ajili hiyo. Hata hivyo aliposikia kwamba maiti imelala sokoni, aliacha chakula chake cha sikukuu, akaondoka, na jua lilipokuchwa akaizika, na majirani wakamcheka. Hakulipwa na mtu.

Basi ninyi mliostaafu, kazi hii ni njema, nayo yawangoja. Jifunzeni kwa mchungaji wenu, mwendeni kwa ruhusa yake, wala msiinyakue ofisi yake. Wasikilizeni wafiwa kabla ya kusema, na matanga yakiisha rudini kwao wakati wageni wamekwisha kuondoka. Akipewa mtu ujira, na aupokee bila haya. Lakini asiyekubali kwenda kwenye kaburi lisilo na ujira wala sifa, huyo amepata kazi tu. Wito bado hajausikia.