Anayerithi Shamba Hurithi na Deni Lake



Leo nina swali moja ambalo nimetembea nalo tangu nirudi kutoka Ayalandi. Je, unaweza kuyapokea mema ya waliokutangulia katika imani, halafu ukasema madhambi yao hayakuhusu?

Nianze mwanzo. Shangazi yangu ni muuguzi. Aliolewa na mfugaji wa kondoo huko Mayo, magharibi mwa Ayalandi, na kiangazi kimoja akanitumia tikiti niende kuwaona. Kwetu Ayalandi si nchi ngeni. Nyanya yangu kule Kitui alibatizwa na padre Mwayalandi, mmoja wa wale wa Shirika la Mtakatifu Patrisi lililoanzishwa Kiltegan mwaka 1932. Hata askofu wa kwanza wa Kitui, William Dunne, alikuwa wa shirika hilo. Kwa hiyo nilipanda ndege nikijiambia naenda kuona mizizi ya imani yetu.

Siku za kwanza zilikuwa za kuwasalimia jamaa. Usidhani ni sisi tu tunaojua kutembeleana. Kila nyumba ni chai na mkate wenye siagi, na ukikataa unakaribishwa tena na tena mpaka uone haya. Mama mkwe wa shangazi, ajuza wa miaka themanini na kitu, alinikalisha karibu na moto. Kule wanachimba udongo mweusi kwenye ardhi ya majimaji, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, na moshi wake unakaa kwenye nguo siku nzima. Akaniuliza nyanya yangu anasali Rozari kwa lugha gani. Nikamwambia Kikamba. "Basi tusali," akasema. Yeye Kiayalandi, mimi Kikamba, tukamaliza mafumbo yote matano.

Dereva wangu alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Ana miaka ishirini na miwili na Misa aliiacha zamani. Lakini historia ya kwao anaijua, jamani! Alinipeleka kwenye abasia ya Ballintubber, iliyojengwa mwaka 1216 na mfalme wa Connacht. Mwaka 1653 askari wa Cromwell waliichoma moto. Baadaye zikaja sheria za kuwabana Wakatoliki, maaskofu na watawa wakafukuzwa nchini, na sehemu nyingi watu wakawa wanasali mashambani, jiwe likiwa ndiyo altare. Lakini pale Ballintubber watu waliendelea kwenda Misa ndani ya kuta zile zile. Sehemu kubwa ya kanisa ilikaa bila paa mpaka ukarabati wa mwaka 1966. Yaani miaka mingi watu wanapiga magoti, na juu yao ni mawingu, na Mayo mvua haikatiki.

Niligusa ukuta nikatokwa na machozi. Nikamwambia binamu, "Unaona? Sisi tulisimama imara." Hakujibu kitu.

Kesho yake akasema kuna mahali pengine pa kuona. Tukaendesha gari chini ya saa moja hadi mji wa Tuam, kaunti ya Galway. Nilidhani ni kanisa lingine. Tukaingia kwenye mtaa wa nyumba za kawaida tu, watoto wanaendesha baiskeli. Katikati kuna kiwanja kidogo cha nyasi, na pembeni sanamu ya Mama Maria.

Pale, kuanzia 1925 hadi 1961, palikuwa na nyumba iliyoendeshwa na masista kwa ajili ya wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Msichana alijifungua, baada ya muda akaondoka, mtoto akabaki. Mwanamke mmoja wa eneo hilo, Catherine Corless, alikusanya kumbukumbu za vifo vya watoto waliofia humo. Walikuwa 796. Akatafuta makaburi yao, hakuyaona. Mwaka 2017 tume ya serikali ilithibitisha kwamba mabaki ya watoto yalikuwa chini ya ardhi pale pale, ndani ya ujenzi uliohusiana na mfumo wa zamani wa majitaka. Wakati tunasimama pale, kazi ya kuwafukua ilikuwa bado haijaanza. Tulisimama juu yao.

Nilitaka kuondoka. Ndani ya gari nikaanza kueleza: walikuwa wachache, zamani watu walifikiri hivyo, hata serikali na familia zenyewe zilihusika. Mengine kati ya hayo ni kweli. Binamu akanisikiliza, kisha akasema kwa upole:

"Jana ulisema *sisi* tulisimama imara. Leo unasema *wao* walikosea. Chagua moja."

Sikuwa na jibu. Nami nikamrudishia swali lake: "Na bibi yako akisali usiku kwa ajili yako, yeye naye ni *wao*?" Akanyamaza. Tukafika nyumbani bila maneno mengine.

Wapendwa, nimelifikiria neno hilo "sisi" kwa muda mrefu. Kwanza nilikimbilia kwa nabii Ezekieli, sura ya 18, anapofundisha kwamba mwana hatabeba uovu wa baba yake. Hilo ni kweli. Mimi sikumzika mtoto yeyote Tuam, na siwezi kwenda kitubio kuungama dhambi ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Hatia ni ya aliyetenda.

Lakini hatia ni kitu kimoja na deni ni kingine. Baba akifa, mwana hafungwi kwa makosa ya baba. Ila akichukua shamba, na shamba lile lina deni, wanaodai watabisha mlango wake. Hawezi kusema "shamba ni langu, deni ni la marehemu." Anayetaka kukwepa deni aliache na shamba. Mimi shamba siliachi. Ubatizo wa nyanya yangu umetoka humo. Basi na deni ni langu: kujua yaliyotokea, kutoyafunika, kuwaombea wale watoto, na kuhakikisha hayarudiwi.

Biblia ina mfano wa mtu aliyelielewa jambo hili. Danieli, katika sura ya 9, anaungama dhambi za taifa lake, na muda wote anasema "sisi", ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwaminifu tangu ujana. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, tarehe 12 Machi 2000, aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa ya karne nyingi.

Na kuna maneno ya Bwana wetu katika Mathayo 23 ambayo yalinichoma zaidi. Anawakemea wale wanaopamba makaburi ya manabii huku wakijisifu kwamba wangekuwapo enzi za baba zao wasingeshiriki. Hao walikuwa mimi pale Ballintubber, nikipiga picha.

Kwa sababu, kusema kweli, nilikuwapo. Miaka mitatu kabla ya safari ile, msichana mmoja wa kwaya yetu ya vijana alipata mimba. Hakuna aliyemfukuza rasmi. Tulimwambia apumzike kidogo. Sare yake akapewa mwingine. Akija Misa tulijua kukaa benchi la mbali. Mimi nilikuwa katibu, na jina lake nililikata kwenye daftari kwa mkono wangu. Nyumba ile ya Tuam haikujengwa kwa mawe peke yake. Kila mtu aliyegeuza uso aliweka tofali lake, na mimi nilikuwa na la kwangu mkononi.

Niliporudi nilimtafuta. Mtoto wake sasa anaongea, na ana maswali mengi kuliko katekista. Nilimwomba msamaha. Hakulia wala hakunikumbatia. Alisema, "Sawa, nimesikia," akaniwekea chai. Kwenye kwaya hajarudi bado na sijamsukuma. Ila jina lake nimeliandika tena kwenye daftari.

Binamu naye bado haendi Misa. Lakini shangazi aliniambia kwamba siku hizi, bibi akianza Rozari, kijana hatoki chumbani. Anakaa, anachochea moto.

Wiki hii kabla ya kwenda kitubio, jiulize: ninaposema "sisi Wakatoliki", nimemwacha nani nje ya neno hilo? Halafu nenda kamtafute.

Ee Yesu, uliyewaita watoto waje kwako, uwapokee wale 796 wa Tuam na wote tuliowafungia mlango. Utupe moyo wa kupokea urithi wetu mzima, na nguvu ya kulipa deni lake. Amina.